Milamula ya Kwenye Maegesho

Mama Avit huendesha pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote mjini Bukoba akitaka kukuelekeza kwake ataanza na hilo: mama wa miaka hamsini na nane, gauni refu, rozari shingoni, kofia ngumu kichwani, na pikipiki nyekundu inayoshuka mteremko wa Kitendaguro saa moja kasorobo asubuhi bila kupiga honi hata mara moja. Alijifunza akiwa na miaka hamsini kamili, kwenye uwanja wa shule, Jumapili baada ya misa. Vijana wa bodaboda walikuwa wakija kukaa pembeni kumcheka. Alianguka mara nne mbele yao. Jumapili ya tano hakuanguka, vijana wakaondoka mmoja mmoja.

Jina lake ni Immakulata Kokubanza, na kazi yake ni kutunza mafaili katika kliniki ya macho, ghorofa ya pili, katika jengo moja katikati ya mji. Mimi niko mapokezi. Naitwa Hafidha, nimezaliwa Kashai, babu yangu alitoka Tanga, na katika ukoo mzima ni mimi niliyerithi ulimi wake. Nikikasirika jirani wa nyumba ya tatu anajua kisa chote. Mama Avit ni kinyume changu. Mgonjwa akija amepoteza kadi, mimi naanza kumgombeza, yeye anauliza jina la baba yake, anafumba macho kidogo, ananyanyuka, anarudi na faili. Kompyuta tunayo. Ikiwaka, inakuta faili liko mezani.

Ugomvi wa maegesho ulianza mwaka jana, mwezi wa tatu. Uwanja wa nyuma ya jengo letu ulikuwa wa bure tangu siku jengo lilipofunguliwa, kila mtu anaegesha anapoona nafasi. Mwenye jengo akaukodisha kwa kampuni. Wakaja na geti la mlingoti mweusi na mweupe, kibanda cha bati, vijana wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa, na bango kubwa la masharti. Sisi tunaofanya kazi humo tukaambiwa tulipe kwa mwezi kama wapita njia. Nilipotajiwa bei nilicheka, nikidhani kijana ananitania. Hakuwa ananitania.

Sasa, upande wa mtaro, uwanjani humo, kulikuwa na mstari wa milamula. Kwa asiyefika kwetu, mlamula ni mmea wa majani marefu ya kijani, unafanana na muhindi uliosahau kuzaa. Wahaya huupanda mpakani. Ukienda kwenye vibanja vya Muleba, yaani mashamba yale ya nyumbani, hutaona ukuta wala waya. Utaona migomba, utaona mibuni, kisha mstari wa milamula, na ng'ambo ya mstari ni kwa mtu mwingine. Hata mbuzi wa kule, nakuapia, wanajua.

Na ng'ambo ya milamula ya uwanja wetu, kabla ya mtaro, palikuwa na kipande cha nyasi cha hatua kama nne hivi. Wenzangu Wahaya wakatupia jicho mara moja, wakapitisha vyombo vyao ng'ambo. Hakuna aliyeitisha kikao wala kuuliza mtu. Mama Avit akaweka pikipiki, Joanitha wa duka la dawa akaweka skuta yake, daktari akaweka gari, na mimi nisiyejua habari ya mimea nikafuata mkumbo na Vitz yangu. Tukawa saba. Wiki tatu tulikaa kwa raha zetu, vijana wa vizibao wakitutazama tu.

Jumatatu moja saa sita mchana tulitoka kwenda kula tukakuta kila gurudumu lina mnyororo. Kwenye kioo cha gari langu palikuwa na karatasi: faini ya shilingi elfu sitini kwa kuegesha ndani ya eneo la kampuni kwa makusudi bila kulipia. Ukilipa unatia saini chini ya maneno hayo. Ukipinga unafunguliwa mnyororo, unaitwa mbele ya kamati baada ya wiki mbili, na ukishindwa unalipa mara mbili. Damu ilinichemka. Nilimwambia kijana wa kizibao maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yeye, maskini, akanijibu, "Dada, mimi nimetumwa."

Sote saba tulitia saini ya kupinga. Jioni tukakaa kwenye chumba cha chai kumchagua msemaji, na hapakuwa na uchaguzi: wote walimgeukia Mama Avit. Hoja ilikuwa moja, kwamba milamula ni mpaka, sisi tuliegesha nje ya mpaka, na kampuni haina haki nje ya mpaka. Na katika jengo zima hapakuwa na mtu aliyeyajua mambo ya milamula kama yeye, kwa sababu milamula ndiyo iliyokuwa imembebea maisha yake.

Kisa chake nilikijua. Mume wake alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, akamwachia kibanja Muleba. Kila Ijumaa jioni anaenda huko kwa pikipiki, kila Jumapili anarudi na ndizi na mikono yenye udongo. Pembeni mwa kibanja kuna kipande chenye mibuni mikubwa, na chini ya mibuni hiyo amezikwa mumewe na binti yao aliyefariki akiwa mdogo. Shemeji yake, Projestus Byabato, ana kibanja jirani. Alikuwa amefungua shauri kwenye baraza la ardhi akidai kipande kile ni chake. Alisema milamula iliyopo pale si mpaka bali ni maua, yamepandwa na marehemu kaka yake kujipambia nyumba, na kwamba hapakuwa na mtu aliyeshuhudia yakipandwa. Baraza lilikuwa limepanga kufika shambani kujionea, mwezi mmoja baada ya siku ya kamati yetu.

Na Joanitha wa duka la dawa, mwenzetu katika wale saba, ni binti wa huyo Projestus. Usishangae. Bukoba ni mji mdogo. Alimwita Mama Avit "mama mkubwa", walisalimiana kila asubuhi vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, na kesi hawakuitaja. Mimi nisingeweza. Mimi ningemtazama yule binti nikaona uso wa baba yake.

Basi tulipomgeukia Mama Avit, hakukubali papo hapo. Alisema, "Nipeni siku tatu."

"Siku tatu za nini?" nikauliza. "Mlamula si mlamula?"

"Nipeni siku tatu, Hafidha."

Kesho yake wakati wa chakula nilimwona dirishani. Amechuchumaa kwenye mstari wa milamula, gauni amelikusanya magotini, anachokonoa udongo kwa kidole. Nikashuka. Alikuwa amefukua shina la kwanza, akahamia la pili. Chini ya kila shina, kwenye mizizi, palikuwa na mabaki ya plastiki nyeusi.

"Unaona?" akasema. "Viriba."

Sikuona kitu. Ni viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche kwenye bustani za kuuza miti. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa wazee matone ya macho. Kwao, mlamula wa mpakani haununuliwi. Unakatwa kijiti kutoka mpaka wa zamani, kinabebwa, na wenye ardhi zote mbili wanasimama pale huku majirani wakitazama, ndipo kinadungwa. Mche wa kiriba hauna mtu aliyesimama.

Tukamtafuta mtunza bustani wa jengo, jina lake Aroni, mtu wa Dodoma. Tulimkuta anakunywa uji nyuma ya jenereta. Mama Avit akamsalimia, akamuuliza habari za watoto, kisha ndipo akamuuliza nani alipanda ile mimea.

"Mimi, mama," Aroni akasema kwa furaha. "Miaka mitano sasa. Bosi alitaka kitu cha kijani kisichohitaji kumwagiliwa. Nikapima hatua nne kutoka mtaroni ili mizizi isizibe maji. Kwetu tunayaona hotelini haya maua. Yamependeza, siyo?"

"Yamependeza sana," akasema Mama Avit.

Tulirudi tukakaa kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa amevua kofia yake ngumu na kuipakata. Nikamwona amechoka, na nilikuwa sijawahi kumwona amechoka.

"Haya ni maua, mwana wange," akasema. "Uwanja ni wa kwao mpaka mtaroni."

"Na nani anajua?" nikasema. "Wewe, mimi na Aroni. Mimi sina mdomo." Akanitazama. "Sawa, ninao. Lakini kwa hili nitaufunga. Mama Avit, mwakilishi wa mwenye jengo kwenye kamati ni Mzee Rugambwa. Ni Mhaya wa shamba! Ukimwambia milamula, kesi imekwisha, hata hatakaa chini."

"Ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa kushinda?"

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamsumbua, nami nikaona ni shimo refu kuliko nilivyodhani. Akisimama mbele ya kamati akasema milamula ile ni mpaka, atakuwa amesema uongo, na ni uongo juu ya kitu kilekile anachotaka baraza la Muleba limwamini. Akisema ukweli, kwamba mlamula uliopandwa bila shahidi ni ua tu, Joanitha atakuwa amekaa palepale anasikia. Na hayo ndiyo hasa madai ya baba yake. Atakuwa amempa Projestus panga na kumwonyesha pa kukata.

"Na mashahidi wako wa Muleba?" nikauliza.

"Waliopanda wamekufa. Baba mkwe, jirani, wote."

"Basi lipa!" nikasema. "Toa hizo elfu sitini, tia saini, usifike kwenye kamati kabisa. Sisi tutajitetea."

"Karatasi inasema niliegesha kwa makusudi. Sikuegesha kwa makusudi. Macho yangu yaliona mpaka." Akaipangusa kofia vumbi kwa kiganja. "Mimi sijawahi kutia saini kitu ambacho hakikutokea, Hafidha. Miaka ishirini na mbili nashika mafaili ya watu."

Nilikasirika. Nasema wazi. Niliona ni mama mzima anayejichimbia kaburi kwa ajili ya neno moja kwenye karatasi ya maegesho. Nilimwambia kuwa kama ni mimi, ningeitetea ile milamula mpaka Aroni mwenyewe aamini ni mpaka. Akacheka, akavaa kofia, akapanda kwenda kwenye mafaili yake. Siku ya tatu aliwaambia wenzetu kwamba atasimama mbele ya kamati, lakini atasema kilichopo tu. Waliitikia wote. Walidhani kilichopo ni mpaka, na mimi sikuwaambia.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne kwenye ofisi ya kampuni, chumba chenye feni na meza ndefu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Riyadhi, meneja wa kampuni, kijana wa mjini, mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kulia kwake Mzee Rugambwa na fimbo yake. Kushoto karani. Sisi saba tulikaa kwenye benchi, Joanitha mwishoni karibu na mlango.

Riyadhi akasoma masharti, akamkaribisha Mama Avit. Kabla hajafungua mdomo Mzee Rugambwa akaingilia.

"Meneja, mimi nimepita pale leo asubuhi. Pale pana milamula. Huku kwetu hiyo ni habari iliyokwisha. Hawa watu hawana kosa, tuwaachie tukale."

Riyadhi akamgeukia, kisha akatugeukia sisi. "Mzee, mimi ni wa Bukoba lakini baba yangu ni mtu wa duka, haya ya mashambani sikufundishwa. Kama kweli ni alama ya mpaka, na wote hapa mnakubaliana, nitafuta faini zote saba. Kampuni haitaki ugomvi na mila za watu. Mama, ni kweli?"

Jamani. Mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, na mtu ameushika. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nilimkanyaga mguu kidogo. Benchi zima lilikuwa linatabasamu.

Mama Avit akasimama. Akamsalimia Mzee Rugambwa kwa Kihaya, kwa heshima yake yote, kisha akasema kwa Kiswahili ili karani aandike, ila lile neno lao la heshima, waitu, akaliacha kwa Kihaya.

"Waitu, ile ni milamula lakini si mpaka. Imetoka kwenye viriba. Aliyeipanda alitaka kupamba, na hakuna mtu aliyesimama kushuhudia. Mlamula bila shahidi ni ua. Tuliegesha kwenye uwanja wa kampuni. Ila hatukuegesha kwa makusudi, macho yetu yalituambia hapo ndipo mwisho wa kwenu. Ninachopinga ni hilo neno tu."

Mtu kwenye benchi alinong'ona kitu kibaya. Mzee Rugambwa aliinama mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Yeye pia alikuwa na ndugu Muleba. Kesi ya Mama Avit ilimfikia kama ilivyomfikia kila mtu.

"Mawe," akasema taratibu, yaani mama kwa Kihaya, "unajua ulichokisema?"

"Najua, waitu."

"Na unajua nani anasikia?"

"Namwona. Nilimsalimia nikiingia."

Joanitha alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

Riyadhi alichukua muda mrefu. Alifungua kalamu, akaifunga. Mwishowe akasema kwamba maneno "kwa makusudi" yatafutwa kwenye karatasi zote saba, faini haitakuwa mara mbili, lakini elfu sitini italipwa. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa meneja. Alisimama, akazunguka meza, akamfungulia Mama Avit mlango mwenyewe, na akabaki ameushika mpaka sote tulipotoka.

Wenzetu hawakumwamkia kwa wiki nzima. Daktari alisema hadharani kwamba wengine wanatafuta utakatifu kwa pesa za watu. Nami sitajisafisha: nilimnunia siku nne. Elfu sitini si mchezo kwa mtu wa mapokezi. Nilikuwa nampitishia majina ya wagonjwa kwa kikaratasi badala ya kumwita, na yeye anarudi na faili, anasema, "Haya, mwanangu," kana kwamba hakuna kitu.

Siku ya tano Joanitha alinifuata kaunta. Alikuwa na macho mekundu. Akaniambia kwamba alikuwa amemsimulia baba yake kila kitu. Hakukusudia, ilimtoka tu. Baba yake alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja na kusema kesi imekwisha, shemeji yake ameimaliza kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilipanda kwenye chumba cha mafaili nikiwa na matusi tayari kwa ajili ya ukoo wote wa Byabato. Nilimkuta Mama Avit anapanga mafaili ya mwezi wa nne. Nikamwambia. Akaendelea kupanga.

"Uliyajua haya kabla hujasimama," nikasema. "Uliyajua yote."

"Niliyajua."

"Na ukasimama."

"Sasa ningekaa?"

Hapo ndipo hasira ilinitoka, ikaniacha na kitu kingine ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Nilimtazama yule mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayekula muhogo kwenye kontena la plastiki, na nikaogopa, jinsi mtu anavyoogopa akitazama ziwa siku limetulia kabisa. Kaburi la mume wake lilikuwa hatarini, na la mtoto wake. Aliambiwa na meneja aseme neno moja, ndiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Nami nilimnunia kwa elfu sitini! Nilikaa chini sakafuni kwenye chumba kile nikamsaidia kupanga mpaka saa kumi.

Siku ya baraza nilimwendesha mimi hadi Muleba. Alitaka kwenda kwa pikipiki, nikamkatalia. Njiani hakuzungumza sana, alinionyesha tu nyumba za watu anaowajua na wagonjwa wetu wa zamani.

Walikuwepo watu wengi kibanjani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamke aliyevaa buti za mvua, na wazee wa baraza wawili, na karani. Projestus alikuwa amesimama upande wake, mzee mrefu aliyevaa koti, na Joanitha nyuma yake. Tulipita chini ya mibuni. Makaburi mawili yalikuwa yamefagiliwa. Kando yake mstari wa milamula ulikuwa umekuwa mkubwa kabisa, mashina manene kuliko mkono wangu, umepita moja kwa moja mpaka bondeni. Hata mimi mtu wa Kashai nilitambua kwamba hii na ile ya Aroni si kitu kimoja.

Projestus akapewa nafasi. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema shemeji yake mwenyewe, mbele ya watu, mbele ya karani, alitamka mjini Bukoba kwamba mlamula bila shahidi ni ua. "Basi alete mashahidi wake," akasema, "nami nitakwenda zangu."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Avit. "Ulisema hayo?"

"Nilisema."

"Unayasimamia hata hapa?"

"Nayasimamia."

Watu wakaguna.

"Basi mashahidi wako ni akina nani?"

"Waliopanda wamekufa wote, mheshimiwa," akasema Mama Avit. "Aliyebaki hai ni mmoja. Alikuwa mtoto siku hiyo. Marehemu mume wangu aliniambia. Lakini sitamtaja. Akiona inafaa, atajitaja mwenyewe."

Mwenyekiti akamwambia kwamba asipomtaja, baraza litaandika kuwa hana shahidi. Mama Avit akasema anaelewa. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo kabisa, na Mungu ni shahidi, sauti haikutoka, kwa sababu nilikuwa nimemwona Projestus.

Projestus alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa anautazama mstari. Alivua kofia. Akaanza kutembea kando ya milamula kuelekea bondeni, polepole, akigusa kila shina kwa ncha za vidole, nasi sote tukamfuata bila kuambiwa, mwenyekiti na buti zake, wazee, Joanitha. Akasimama mahali palipokuwa na pengo, hatua mbili za nyasi tupu kati ya shina na shina.

"Hapa palikuwa na mmoja," akasema.

Akachuchumaa, akapapasa udongo wa pengo lile.

"Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinibebesha vijiti. Kaka alikuwa anachimba, jirani amesimama pale kwenye mgomba. Kimoja nilikikanyaga kikavunjika. Niliogopa kuchapwa, nikakidunga hivyohivyo, nikakifukia juu watu wasione." Alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, mzee yule mrefu, na karani ilibidi amsogelee. "Hakikushika. Sijawahi kumwambia mtu."

Mwenyekiti alimuuliza kwa taratibu kama anaelewa anachoshuhudia.

"Nashuhudia kwamba huu ni mpaka," akasema Projestus. "Tuliupanda sisi."

Kisha akamgeukia shemeji yake. Mama Avit alimsogelea akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama wanavyosalimia wanawake wa kwao. Joanitha alilia waziwazi. Mimi nililia pia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu wa baraza.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kama alijua habari ya kijiti kilichovunjika, kama ndicho alichokuwa anakitegemea muda wote.

"Hapana," akasema. Alikuwa ametazama nje, upande wa migomba. "Lile pengo tuliliona maisha yetu yote. Mume wangu amekufa akidhani ni mchwa."